Mishono Mitatu ya Bi Chekecheke

Waliomwambia afumue walikuwa wawili, mmoja kwa amri na mwingine kwa huruma, na wote wawili aliwakatalia. Uzi ulikuwa wa pamba, mwekundu, umepita kwenye karatasi mara tatu na kufungwa fundo. Mtu atauliza, uzi na karatasi wapi na wapi? Habari ya mama huyu haianzii kwenye karatasi. Inaanzia kwenye magunia, na asiyetaka kusikia ya magunia asisumbuke kusikia ya nyota.

Jina alikuwa nalo, lakini ghalani hakuna aliyelitumia. Walimwita Bi Chekecheke, kwa sababu jicho lake lilikuwa hivyo: kizuri kinapita, kibaya kinabaki juu. Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye benchi la mbao akichambua maharage. Adui yake alikuwa changarawe mwenye rangi ya harage, maana yule mweupe hata kipofu humpata kwa vidole. Wenzake walichambua kwa kupapasa. Yeye aliutazama ungo mzima kwa mara moja, kama mama anavyomtazama mtoto usoni akajua ana homa kabla hajamgusa, kisha mkono ukaenda palepale.

Desturi ya ghala ile ilikuwa moja na haikuandikwa popote. Aliyechambua gunia ndiye anayelishona mdomo, na kila mwanamke ana mshono wake. Wake ulikuwa mishono mitatu ya uzi mwekundu na fundo la kukazwa mara mbili. Gunia likirudi na mawe, hakuna kesi: unatazama mshono, unamjua mwenyewe. Na ukifumua mshono wako baada ya kufunga, umekiri kwa mkono wako kwamba gunia ni chafu. Kwa hiyo sindano haikumtoka kifuani. Ilichomekwa kwenye gauni upande wa kushoto, uzi umeshatungwa, akiwa kazini na akiwa msibani.

Mara moja tu maishani alifumua. Alikuwa mgeni benchini, tena mjamzito, na msimamizi akamwambia, "Fumua hili nilikague, nitalifunga mwenyewe." Akafumua. Gunia lilirudi baada ya mwezi likiwa nusu mchanga, na juu yake mishono mitatu myekundu, imeigwa kama mtoto anavyoiga mwandiko wa baba. Mwenzake wa benchi, mjane mwenye ulimi, akasimama akasema ukweli mbele ya watu, kwamba aliyelifunga ni msimamizi. Aliyefukuzwa ni mjane. Bi Chekecheke alibaki na kazi yake na aibu yake, na kati ya hivyo viwili aibu ndiyo iliyodumu. Akaapa kwamba mkono wake hautafumua tena kilichofungwa na mkono wake.

Halafu ikaletwa mashine yenye jicho la kioo. Ilichambua kwa saa moja yale ambayo benchi zima lilichambua kwa siku, na changarawe mwenye rangi ya harage ilimpitisha bila wasiwasi, lakini nani alijali? Wanawake wote walirudishwa nyumbani ndani ya wiki moja. Tangu hapo, mtu akitaka kumwona Bi Chekecheke anakunja uso, alitaja tu neno mashine.

Basi wazia hasira yake alipopata kazi ya pili akakuta mashine imemtangulia.

Ilikuwa katika chuo kikubwa juu ya kilima, chumba cha nyuma chenye meza ndefu na madirisha mapana, kwenye ofisi ya nyota. Mkuu wa ofisi ile, mwanamume mrefu aliyetembea kama anachelewa hata akiwa anakwenda chooni, alikuwa amesikia kwamba mjini kuna wanawake wenye macho yasiyo na kazi. Akawaita sita. Bi Chekecheke alikwenda na wifi yake, mke wa kaka yake na mwenzake wa ghalani, ambaye alikuwa hawezi kunyamaza hata akiwa na maji mdomoni.

Mkuu aliwaeleza, na kwa hilo apewe haki yake, alieleza vizuri. Kila nyota mnayoiona ni jua la mbali. Majua hayo nayo yana dunia zake zinazoyazunguka, lakini hazionekani, ziko mbali mno. Kinachoonekana ni hivi: dunia ikipita mbele ya jua lake, mwanga wa jua lile unapungua kidogo, kama taa ya barabarani ikipitiwa na inzi. Inzi humwoni. Taa unaiona imefifia kwa nukta moja. Darubini hupima mwanga wa nyota kila baada ya nusu saa, miezi nenda miezi rudi, na kila kipimo ni nukta kwenye ukanda wa karatasi. Nukta zikienda sawa, hakuna kitu. Zikishuka zikafanya kibonde kisha zikapanda, huenda sayari imepita.

"Na hizi kanda zote hazijatazamwa?" aliuliza Bi Chekecheke.

"Mashine imezitazama, mama. Imeshatoa nafaka. Haya ni makapi. Ninyi mnaangalia tu kama kuna punje iliyosahaulika."

Wifi yake akamgusa kiwiko. "Umesikia, wifi? Kutoka maharage hadi makapi. Tunapanda vyeo."

Bi Chekecheke hakucheka. Alikaa, akavuta ukanda wa kwanza. Na makapi yale aliyachambua kama alivyochambua siku zote, ukanda mzima kwa jicho moja. Kusoma hakujua sana. Barua ilimchosha kabla ya mstari wa tatu. Nambari alizijua barabara, kwa sababu gunia lisilo na nambari halipandi lori. Baada ya miezi miwili alikuwa anazitambua nyota kwa tabia. Hii ina madoa usoni, mwanga wake unapanda na kushuka ovyo kama mgonjwa wa malaria. Hii si nyota moja, ni mbili zinazozibana mwanga, ndiyo maana kibonde chake ni kikali kama ncha ya kisu. Hakuna aliyemfundisha. Aliyajua kama alivyojua harage bovu na jiwe.

Kisha ikaja nyota nambari elfu nne mia nne kumi na saba.

Ilikuwa saa nne asubuhi, chai haijaletwa. Ukanda ulikuwa mtulivu kama maji ya mtungi, mwanzo hadi karibu na mwisho, na hapo nukta zikashuka. Hazikuanguka, zilishuka. Zikatulia chini, sakafu bapa, zikapanda kwa mteremko uleule zilioshukia. Kibonde chenye kingo sawa pande zote mbili, kama bakuli lililokatwa katikati. Mara moja tu, halafu utulivu tena. Aliutazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama ukanda wowote. Wengine wangechora duara kwa penseli, kama walivyoagizwa. Mkono wake ulikwenda kifuani wenyewe. Akachomoa sindano, akashona mishono mitatu katikati ya bakuli, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, akaandika tarehe ya siku ile nyuma ya ukanda, kama ilivyokuwa kanuni ya meza ile.

Ndilo kosa lake, na litajwe. Kwenye gunia unashona mdomo, hugusi nafaka. Kwenye karatasi alishona nafaka yenyewe. Sindano ilitoboa palepale kwenye sakafu ya kibonde, na uzi ukafunika nukta zote zilizokuwa ushahidi wake.

Mkuu aliunyanyua ukanda kwa vidole viwili, kama mtu anayenyanyua panya kwa mkia. "Hiki nini?"

"Sayari," alisema Bi Chekecheke.

"Mimi naona uzi."

"Iko chini ya uzi."

Wanawake wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Mkuu hakucheka. Alikwenda kwenye kompyuta yake, akabonyeza nambari ya nyota, akarudi. "Mashine haina kitu hapa. Mashine inatafuta kinachojirudia, mama. Sayari inazunguka, kwa hiyo lazima irudi. Wewe mwenyewe umesema umekiona mara moja. Kitu cha mara moja si ushahidi. Huenda ni vumbi."

"Nawe umezaliwa mara ngapi?"

Hapo ndipo benchi zima lilipocheka, na hapo ndipo jambo lilipoharibika. Mkuu angeweza kusamehe uzi. Kuchekwa mbele ya wanawake sita wasio na cheti hata kimoja, hilo halikumshuka kooni. Alisema taratibu, huku masikio yamemwiva, "Fumua. Uufute ukanda huu kwenye orodha ya vibonde, uuweke kwenye sanduku la visivyo na kitu. Una hadi Ijumaa. Ukishindwa, Jumatatu kiti hiki kitakuwa cha mtu mwingine."

"Chapisha mwingine ulio safi uutazame. Karatasi unazo."

"Sina muda wa kuchapisha mawazo ya kila mtu."

Ijumaa haikuwa mbali. Jioni ya Alhamisi wifi yake alimfuata nyumbani, akamkuta anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

"Wifi, hiyo sufuria imekukosea nini?"

"Kaa au ondoka, usisimame mlangoni."

Wifi akakaa kwenye kindoo kilichofudikizwa. "Fumua tu. Uzi si ndoa. Kesho kutwa akisahau, unashona tena."

"Ukifumua umekiri."

"Umekiri kwa nani? Wale hawajui habari ya magunia. Kwake yeye ni uchafu kwenye karatasi."

"Mimi najua."

"Na ikiwa kweli ni vumbi?"

Bi Chekecheke akaweka sufuria chini. Swali lile lilimuuma, kwa sababu usiku kucha alikuwa amejiuliza lilelile. "Vumbi linaanguka," alisema mwishoni. "Halishuki kwa adabu likapanda kwa adabu. Kile kilipita, wifi. Kilikuwa na njia yake, kikapita. Sasa mtu ambaye hata hakutazama ananiambia niseme sikuona. Nilishasema hivyo siku moja kwa mkono huu huu, na wewe unajua nani alilipa."

Wifi alijua.

Ijumaa Bi Chekecheke aliuweka ukanda mezani kwa Mkuu, mishono yake mitatu mahali pake, akachukua mkoba wake akashuka kilima kwa miguu. Hakumuaga mtu. Watu walisema ana kiburi. Alikuwa nacho, na kilimtosha.

Miezi tisa alikaa nyumbani. Alichambua mchele wa majirani bila kuombwa, akawagombeza kwa mawe aliyoyakuta. Kila asubuhi aliamka na hasira ileile, mbichi, kama mkate wa siku ile. Angalau kama angesikia kwamba amekosea, angetulia. Lakini hakuna aliyetazama. Kukosea ni jambo la binadamu. Kutotazamwa, hilo lilikuwa limemkaa kifuani badala ya sindano.

Asilolijua ni kwamba kulikuwa na mtu aliyetazama. Mle ofisini alikuwamo binti wa kompyuta, mnyamavu, mwenye miwani mizito, aliyekaa pembeni siku ile ya kicheko. Yeye aliichapisha upya nyota elfu nne mia nne kumi na saba, kwa sababu tu swali lile la kuzaliwa lilikuwa limemkaa kichwani. Akakiona kibonde. Akaandikia kituo kingine cha mbali kilichowahi kuipima nyota ileile miaka ya nyuma, wakamletea vipimo vyao, na ndani yake mlikuwa na bakuli lilelile, kingo zilezile. Vipimo vya ukanda vilikuwa vya mwaka uliotangulia, na alipohesabu siku za katikati akafika siku ya karibu ambayo kibonde kingerudi. Siku ile darubini ikageuzwa, na kikarudi kwa saa yake. Sayari kubwa, yenye mwaka mrefu kuliko wetu, iliyokuwa inalizunguka jua lake kabla bibi wa bibi yake Bi Chekecheke hajazaliwa.

Binti alimpelekea Mkuu karatasi zote tatu. Mkuu akafurahi mno. Akafurahi hata akasahau.

Habari ilimfikia Bi Chekecheke kupitia redio ya fundi viatu, akiwa amepeleka kandambili. Sauti ya Mkuu ilikuwa inasema, "Mfumo wetu wa kompyuta umegundua sayari," na nambari ya nyota ikatajwa. Fundi viatu aliona yule mama amesimama na mguu mmoja pekupeku, akamuuliza kama anajisikia vibaya.

"Najisikia vizuri kabisa," alisema. "Nipe kandambili."

Siku ya wageni ilitangazwa, na siku hiyo alipanda kilima. Alivaa gauni lake la kazi, lile la ghalani. Ukumbi ulikuwa umejaa viti vya kukodi na watu wenye vitambulisho shingoni, na ukutani kulikuwa na picha ya kibonde chake, kubwa kama shuka la kitanda, safi, haina uzi. Mlinzi alimuuliza yeye ni nani. Alimjibu kwa kumpita.

Hakwenda ukumbini. Alipitiliza hadi chumba cha nyuma. Wanawake walikuwa mezani, maana wageni hawakuwahitaji. Wifi yake alipomwona alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Uko wapi?" aliuliza Bi Chekecheke.

"Wifi, nikuambie kitu kwanza."

"Uko wapi ukanda wangu?"

"Kwenye sanduku la visivyo na kitu. Wifi, nimeufumua. Jumatatu ile baada ya wewe kuondoka. Aliniita akaniambia nifumue, na ningekataa tungekuwa wawili majumbani, na kaka yako mgongo wake ndio ule, hawezi kazi. Nikafumua."

Bi Chekecheke alimtazama mtu aliyekula naye miaka ishirini. Alikwenda kwenye sanduku, akaanza kuchambua, na vidole vyake vilijua kazi. Kanda mia tatu, mia nne, nambari zikipita. Alipoufikia alikuwa amejiandaa kuukuta kama gunia lililofumuliwa, mdomo wazi, halina habari ya nani alilifunga. Gunia likifumuliwa nyuzi zake hujirudia, tundu la sindano halionekani.

Karatasi si gunia. Aliunyanyua kuelekea dirishani, na mwanga ukapita katika matundu sita madogo yaliyopangana mawili mawili, katikati kabisa ya kibonde. Hakuna mkono ungeweza kuyafumua hayo.

Alitembea nao hadi ukumbini. Mkuu alikuwa mbele akionyesha picha kwa fimbo. Alipomwona, fimbo ilibaki hewani.

"Mama, tafadhali, kaa nyuma pale. Tutaongea baadaye."

"Nimekaa miezi tisa."

Wageni wakageuka. Mgeni mmoja mwenye mvi, aliyeonekana mkubwa kuliko wote kwa jinsi alivyopewa kiti chenye mikono, aliuliza ule ukanda ni wa nini na kwa nini umetobolewa. Mkuu alifungua kinywa, na kabla neno halijatoka, sauti ikatoka mlangoni. Alikuwa wifi, nyuma yake wanawake wanne, na nyuma yao binti wa kompyuta na miwani yake.

"Matundu ni yake," wifi alisema. "Uzi niliutoa mimi, kwa amri, na Mungu ananiona. Lakini matundu ni ya wifi yangu. Aliishona hiyo sayari yenu mwaka jana, mashine ikiwa imelala."

Watu wawili watatu walicheka, halafu wakaacha. Binti wa kompyuta akasogea mbele. Alisema kwa sauti ndogo. "Ni kweli. Mashine haikuiona. Mimi niliitafuta kwa sababu yeye aliishona. Tarehe iko nyuma ya ukanda."

Ukanda ulizungushwa mkono kwa mkono. Mzee wa mvi aliugeuza, akasoma tarehe, akaunyanyua kwenye mwanga kama alivyofanya Bi Chekecheke, akamtazama Mkuu. Kuna kutazamwa kunakozidi kutukanwa. Masikio ya Mkuu yakaiva tena, ila safari hii hakuwa na Ijumaa ya kumpa mtu.

"Ni yeye," alisema hatimaye, na ilimtoka kama jino. "Aliiona yeye. Mimi nilikataa kutazama." Akashika kalamu, daftari la ugunduzi likiwa wazi mezani, akauliza bila kuinua macho, "Niandike jina gani?"

"Andika mchambuzi. Na hao waliopo mlangoni ni wachambuzi pia. Neno makapi ulifute popote ulipoliandika."

Akaandika. Bi Chekecheke alisimama juu yake hadi wino ulipokauka, kwa sababu kusoma hakujua sana, lakini urefu wa neno lake aliujua. Halafu akauchukua ukanda kutoka kwa yule mzee, akaketi kwenye kiti cha kukodi katika mstari wa mbele, akachomoa sindano kifuani. Uzi ulikuwa umeshatungwa. Alishona kupitia matundu yaleyale, moja baada ya jingine, polepole, wageni wote wakingoja, akafunga fundo la kukazwa mara mbili.

"Utundikwe huu," alisema. "Lile shuka liondoeni."

Jumatatu alirudi kwenye kiti chake mezani na hakuna aliyethubutu kumuuliza kama ameitwa. Hasira haikuwa imemwisha. Wifi yake alimsogezea sanduku, akamsogezea na chai, akasema jambo la mzaha kuhusu shuka lililoshushwa ukutani, kwamba lingefaa kitandani kwake. Bi Chekecheke hakumjibu siku hiyo, wala ya pili yake. Siku ya tatu alinyoosha mkono, akachukua sindano ya wifi yake iliyokuwa tupu juu ya meza, akaitunga uzi, akamchomekea kifuani, upande wa kushoto.

"Usifumue tena cha mtu," alisema, akavuta ukanda mwingine.